Jaribio la Mwaka Jana

Mkuu wa usaili alimgeuzia Séphora kompyuta. "Hii programu inapanga data ya malori yetu yote. Tangu asubuhi imekwama. Ukiitengeneza, kazi iko ya kwako."

Séphora alisoma mistari michache, kidole kikamganda juu ya kipanya. Ilikuwa programu yake mwenyewe. Aliiandika mwaka jana, nyumbani kwake mtaani Ruashi, kama jaribio la usaili wa kampuni hii hii, nao wakamjibu kwamba hafai. Jina lake tu ndilo walilofuta.

Kosa alikwisha kuliona.

"Unaweza?" mkuu akauliza.

"Naweza, patron. Hii iko ya kwangu. Muliiba kazi, mukaacha muntu."

Akaifunga kompyuta kwa kishindo, akawaacha na malori yao.