Sikio la Kamikazi

Kamikazi aliinua ngoma ya breki kwa kamba, akaigonga kwa nyundo ndogo, akatega sikio. Karakana nzima ikanyamaza.

"Ina ufa, baba."

Mzee Cassien akashika kiuno. Hii ilikuwa ya tano. Chuma alikisubu mwenyewe, kigumu, kisicholika upesi. Lakini tangu binti yake amalize darasa la sita na kuja kumsaidia hapa Kicukiro, sikio lake halijawahi kukosea. Akisema ufa, ni ufa.

"Itupe kule nyuma na zile nyingine," akasema.

"Tena?" Mlangoni, mzee Damascène akavua kofia. Gari lake la enzi za Wabelgiji lilikuwa juu ya mawe, bila magurudumu. Ngoma zake haziuzwi popote duniani, na yeye ameapa: ataenda kufunga ndoa kwa gari la babake, la sivyo haendi. "Weee Cassien! Ng'ombe wa mahari niliowatoa wameshazaa, mimi bado niko nasikiliza kengele!"

Mafundi wakacheka. Kamikazi akatazama chini.

"Mteremko wa Kagarama ni mkali, mzee," akasema taratibu. "Ikipasuka pale, wanaozikwa ni wawili."

"Sawa, sha. Afadhali wewe unanihurumia."

Mchana Kamikazi akammiminia babake maziwa. Zamani walikuwa wa chai ya rangi tu. Yeye mwenyewe hakuyaonja.

Kesho yake asubuhi alikuta mawe matupu. Akakimbilia nyuma: ngoma alizozikataa hazipo. Akatoka mbio hadi barabarani, chini ya mteremko.

Gari lilikuwa linateremka kwa kasi, babake peke yake kwenye usukani. Karibu naye, Damascène alisubiri kando ya njia. Kamikazi akaziba mdomo kwa viganja.

Breki zikashika. Gari likasimama kimya, mbele yao kabisa.

Cassien akaruka nje, anacheka. "Nilichoka, mwanangu, nikafunga zile zile! Hazina ufa! Hata mo..."

Akauona uso wa binti yake. Kicheko kikamkauka.

Damascène hakuona kitu. Alishafungua mlango wa nyuma, anapangusa kiti kwa leso yake.

"Jumamosi, mchumba wangu," akamwambia Kamikazi, "utakaa hapa."