Chupa Mbili, Sufuria Moja

Siku hizo kila pacha aliyezaliwa alikuwa wa utafiti mpaka atimize miaka mitano. Mmoja hupewa dawa ya kinga, mwenzake maji matamu, na mama haambiwi nani kapata nini. Nyamizi wa Nzega naye alikabidhiwa chupa nyekundu ya pacha wake Kulwa na ya bluu ya mwenzake Doto.

Wiki ya tatu ya kunywa chupa hizo Doto akawa anakohoa na kuchemka, Kulwa anarukaruka. Nyamizi hakungoja kuambiwa. Akamimina chupa zote kwenye sufuria moja, akakoroga, akawagawia vijiko sawa kwa sawa, kama alivyowagawia maziwa yake tangu siku ya kwanza, na uji walipokua.

Mwisho wa mwezi mpimaji wa utafiti akaja, akawatoa damu, akatazama kioo cha mashine yake.

"Mama Kulwa, damu zao zimefanana. Umewachanganyia?"

"Nimewachanganyia. Kwani tumboni nani aliwatenga?"

"Umetuharibia kazi! Na dawa ya mtoto mmoja ukiigawa, huenda isimtoshe yeyote."

"Basi lete ya watoto wawili."

"Sheria hairuhusu, mama."

"Iambie hiyo sheria ije ikeshe nao wakiumwa."

Mpimaji akafungua mkoba wake. Akaacha chupa mbili za mwezi mpya, akaenda zake.

Nyamizi akamgusa Doto kwenye paji la uso. Joto lilikuwa limepungua, ila halijaisha. Akamgusa na Kulwa, akakuta joto lile lile, ambalo jana hakuwa nalo.

Akaivuta sufuria karibu. Kisha akazifungua chupa zote mbili.