Dole Gumba la Kukubali

Wewe ulikuwepo. Uliona badiliko la programu limeletwa kwenye jukwaa letu la mtandaoni, ukabonyeza dole gumba la kukubali bila kusoma hata mstari, kisha ukageuza uso.

Siku hizi milango yote ya nyumba inaendeshwa na programu moja, na watengeneza tovuti ndio wanaopigia kura kila badiliko. Mwasiti wa Morogoro ni mmoja wao. Programu hiyo mpya aliijaribu kwa hamu, ila badiliko lile, lenye mstari wa kumfungia nje ‘mgeni asiyetambulika’, lilimtia shaka, akauliza jukwaani: “Jamani, huyu ‘mgeni asiyetambulika’ ni nani hasa?”

“Dada, yaani wewe unasoma kila kitu? Hutuamini wenzako?” wakamcheka. Madole gumba yakamiminika, badiliko likapita.

Leo mama yake kaja kutoka Kilosa na kapu la mihogo. Hana simu wala akaunti, kwa hiyo mlango umegoma kumfungulia. Mwasiti alipojaribu kuufungua kwa ndani, ukamwambia kwa upole: “Asante, Mwasiti. Utambulisho wako nao unapitiwa upya.”

“Mwanangu, nimekukosea nini?” mama anauliza kutoka nje, mvua ikimnyeshea.

“Hujanikosea, mama. Wenzangu wanalisoma upya lile badiliko sasa hivi.”

Amemdanganya. Hakuna aliyesoma.

Madole yakipungua, badiliko linafutwa; lakini dole gumba huondolewa na aliyelibonyeza tu, na mwisho ni jioni ya leo. Usiniambie utaangalia baadaye. Ingia jukwaani, usome ule mstari, uondoe dole lako. Mama wa watu yuko mvuani.