Nguchiro Mlangoni pa Baraza

Enzi wanyama walipokuwa na baraza lao, shimo la Nguchiro lilibomoka likawafukia wanawe. Akamkimbilia Nyati, mkuu wa baraza, mwenye pembe za kuchimbua. Mlangoni Korongo akamzuia.

"Bwana, dume haingii humu bila koti na tai."

"Wanangu wamefukiwa! Nimewaacha wanalia!"

"Pole sana. Ila utaratibu ni utaratibu."

Nguchiro alitamani kumrukia shingoni, lakini akawafikiria wanawe. Akakimbia kwa shemeji yake, akaazima koti na tai, akarudi akihema. Korongo akamwinamia na kumfungulia.

Nyati aliposikia tu, aliinuka, akaenda akachimbua. Watoto walikuwa wamekumbatiana, hawapumui tena.

"Ungekuja mapema, ndugu yangu," Nyati akasema kwa uchungu, "tungewaokoa."

"Nilikuja," akajibu Nguchiro.