Treni ya Kwenye Sinia

Katika chama cha waunda treni za mfano, saizi mpya haijadiliwi mpaka mwanachama mkongwe aiweke injini relini kwa mkono wake. Mzee Shelukindo, aliyehamia chumba kimoja kwa bintiye, ndiye pekee aliyeitetea saizi hii mpya, ndogo kuliko zote: reli yake nzima ilienea kwenye sinia la chai.

“Hii ya sisimizi,” alinung’unika Bi Kokubelwa, mkongwe wa chama, akiichukua injini. “Kwa macho yetu haya?”

Injini hiyo, ndogo kama harage, ilimponyoka mara mbili. Akafumba macho, akaipapasa kwa ukucha mpaka magurudumu yakakaa, kisha akawasha umeme.

“Inakwenda?” aliuliza.

Alipofumbua macho hakuona kitu kikisogea kwenye sinia. Akawatazama wenzake. Walikuwa wameinama wote, na macho yao yakizunguka polepole, pamoja.