Mkate Kifudifudi

"Zikate hizo nyuzi, dada Burul," mkuu wa gereza aliniambia. "Wakaguzi wa serikali kutoka Bishkek, mji mkuu, wanaingia sasa hivi. Nataka wamkute anakula."

Mfungwa alikuwa ameishona midomo yake kwa uzi wa godoro, kwa sababu mwenzake alipigwa humu humu hadi akafa na hakuna aliyetaka kusikia. Matundu ya sindano yalishaanza kutunga usaha.

Nikashika mkasi. "Nikate?" nilimwuliza.

Akatikisa kichwa kukataa. Askari aliyesimama nyuma yake akamsokota mkono mgongoni hadi bega likalia.

Mkuu akacheka. "Unamwomba ruhusa? Wewe nesi wake au mchumba wake?"

Mezani walikuwa wamemwandalia wali wa nyama, chai na mkate wa duara. Nikauchukua ule mkate, nikaulaza kifudifudi. Kwetu mkate ni kitu kitakatifu; kuupindua hivyo hata mlevi hathubutu.

"We mwanamke, una wazimu?" mkuu alifoka. "Huogopi laana?"

Na yule askari, aliyesokota mkono wa mtu bila kupepesa jicho, akamwachia mfungwa, akaurukia mkate, akaugeuza kwa mikono miwili, akaubusu.

Wakaguzi wakabisha hodi. Nikautia mkasi mfukoni, nikaenda kuwafungulia mwenyewe.