Viwiko Mbavuni

Haya kanambia shemegi yangu Zahran Ijumaa iliyopita, nilipokwenda kwao Wattaya kumtazama dada yangu.

Dada hamjui tena mumewe, ila mara mojamoja. Zahran, mpiga picha tangu ujana, akitaka picha moja tu: mkewe anamtazama, anamjua. Filamu ilibakisha picha moja. Taa hakuthubutu kuiwasha wala pazia kulifungua, maana mwangaza humliza dada. Kwa kiza kile kamera lazima ibaki wazi sekunde nzima, na mikono ya mzee yatetemeka.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, dada akageuka kitandani.

"Zahran, wee, mbona umekonda? Nani anakupikia?"

Zahran akainua kamera, ikamchezacheza usoni.

Dada akacheka. "Mikono kama ya mwizi wa kuku. Viwiko mbavuni. Toa pumzi, ndo ubonyeze." Miaka mingi walifanya kazi pamoja katika duka lao la picha.

Zahran akabana viwiko, akatoa pumzi yote, akabonyeza. Mikono ikatulia kama ya kijana.

Kamera ingali wazi, akayaona macho ya mkewe yakimwacha. Kicheko kikabaki mdomoni, lakini cha adabu, kama unavyomchekea mtu usiyemjua aliyebisha hodi.

Kamera ikajifunga.

"Karibu, baba," dada akasema. "Mume wangu katoka, hakawii kurudi."

"Ntamngoja," akajibu Zahran.

Dada akalala. Zahran akakaa kitini, kamera mapajani, akangoja mpaka usingizi ukamchukua na yeye.